DARAJA, NGAZI NA CHETI: MAELEZO KWA WANAOMALIZA SKULI NA WAZEE WAO

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, aghlabu katika mwezi wa Januari, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huulizana suala moja: kijana amepata daraja gani? Suala hilo ni la haki, lakini halitoshi. Lililo muhimu zaidi ni kujua matokeo hayo yanampeleka wapi, na cheti atakachokipata huko kitamfikisha wapi baadaye. Wazee wasiolielewa jambo hili hufanya kosa moja kati ya mawili. Ama humwambia kijana kuwa masomo yake yamekwisha ilhali njia bado zipo, au humlipia ada katika chuo ambacho cheti chake hakitambuliwi na mwajiri wala na chuo chengine.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa vijana wanaovuka kwenda Dar es Salaam. Baina ya matokeo ya Januari na kuanza kwa Kidato cha Tano, ambako kwa kawaida huwa Julai, kipo kipindi cha karibu nusu mwaka. Aghlabu kijana hupelekwa kwa ami au mjomba wake mwenye duka Kariakoo, akawekwa kuuza nguo Mtaa wa Kongo, au akashikizwa kwa fundi wa Gerezani. Kazi si aibu, na wengi wamejifunza maisha kwa njia hiyo. Lakini wapo waliokwenda kwa miezi michache wakabaki kwa miaka, si kwa kuwa biashara imewakubali, bali kwa kuwa hakuna aliyewaeleza njia zilizokuwa wazi mbele yao. Maelezo haya yamekusudiwa kuziba pengo hilo.

Cheti kimoja kwa pande zote mbili

Ni vyema ikaeleweka kwanza kwamba Baraza la Mitihani na elimu ya juu ni katika mambo ya Muungano. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari inasimamiwa na kila upande kwa utaratibu wake, lakini mtihani wa Kidato cha Nne na wa Kidato cha Sita ni mmoja. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Kwa hivyo cheti alichokipata kijana katika skuli ya Wete au ya Makunduchi kina thamani ile ile katika chuo kilichoko Dar es Salaam, na hakihitaji kulinganishwa.

Hali ni tofauti kwa waliosoma nje ya nchi, wakiwemo watoto wa jamaa walioko Oman na nchi nyengine za Ghuba. Vyeti vyao vya sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani kwa ajili ya ulinganifu kabla ya kuombea chuo, na shahada za nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Namna ya kuyasoma matokeo

Katika Kidato cha Nne, alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa, na jumla yake ndiyo hutoa daraja. Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17, la Pili ni 18 hadi 21, la Tatu ni 22 hadi 25, na la Nne ni 26 hadi 33. Mwenye pointi 34 au 35 huandikiwa sifuri.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani daraja peke yake halisemi kila kitu. Tuchukue vijana wawili, kila mmoja ana pointi 31, yaani Daraja la Nne. Wa kwanza amepata D nne na F tatu. Wa pili amepata C mbili na F tano. Jumla yao ni sawa, na kwa sikio la jirani wamefaulu sawa. Lakini wa kwanza ana masomo manne aliyofaulu, na wa pili ana mawili tu. Kwa vyuo vingi vya ufundi na fani, wa kwanza ana sifa za kuomba, na wa pili hana. Kwa mantiki hiyo, mzazi asiishie kuuliza daraja. Aitake karatasi ya matokeo na ayahesabu masomo.

Aidha, jambo jengine linawahusu sana watu wa Visiwani. Vyuo vinapodai ufaulu wa masomo manne, hukusudia masomo yasiyokuwa ya dini. Kijana mwenye D nne, moja ikiwa ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, huhesabiwa kuwa na masomo matatu. Somo hilo lina faida yake, na hakuna anayeshauriwa kuliacha, bali mwanafunzi ahakikishe ana masomo manne mengine yaliyosimama. Lugha ya Kiarabu huhesabiwa kuwa ni somo la lugha, si somo la dini.

Njia ya kwanza: Kidato cha Tano na cha Sita

Njia hii ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa skuli za Serikali za Tanzania Bara, mwanafunzi hutakiwa awe na ufaulu wa C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na jumla ya pointi zake isizidi 25. Mwenye C tatu na D nne huwa na pointi 25 kamili, na huwemo. Mwenye C tatu, D tatu na F moja huwa na pointi 26, naye hutoka ingawa C zake ni tatu vile vile. Kwa skuli za Zanzibar, uchaguzi hufanywa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na wazee hushauriwa kufuata tangazo la kila mwaka.

Mwanafunzi husoma tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu makuu. Mwaka 2024 idadi ya tahasusi iliongezwa hadi 65, kwa hivyo uchaguzi si tena wa sayansi, biashara na sanaa kama walivyouzoea wazee. Baada ya miaka miwili, mwenye kutaka kuingia chuo kikuu hutakiwa awe amefaulu masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Katika hesabu hii ya vyuo vikuu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hesabu imegeuka: katika daraja, pointi chache ndiyo sifa, na katika kuomba chuo kikuu, pointi nyingi ndiyo sifa. Mwenye D mbili, au C na E, ndiye aliyefika katika kiwango cha chini kabisa, na kozi nyingi hudai zaidi ya hapo.

Fauka ya hayo, izingatiwe kuwa cheti cha Kidato cha Sita peke yake hakimfundishi mtu kazi maalumu. Ni cheti cha kuendelea. Anayekichukua bila ya uwezo wala nia ya kuendelea huwa ametumia miaka miwili pasi na kupata fani.

Njia ya pili: vyuo vya ufundi na fani

Mtu akitoka Kariakoo kwa miguu, akavuka Mnazi Mmoja na kuingia Barabara ya Bibi Titi Mohamed, hukutana na Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965. Akiendelea hufika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957 na kupewa hadhi ya taasisi mwaka 1997. Upande wa pwani, katika Mtaa wa Shaaban Robert, ipo Taasisi ya Usimamizi wa Fedha, iliyoundwa mwaka 1972. Kijana anayeuza viatu Kariakoo hupita karibu na milango hiyo mara nyingi, na pengine hajui kwamba mmojawapo unaweza kumpokea.

Vyuo vya aina hii husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kwa kifupi NACTVET. Baraza hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 kwa jina la NACTE, na tangu mwaka 2021 limeongezewa dhamana ya kusimamia mafunzo ya ufundi stadi. Tuzo zake hupangwa kwa ngazi. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada. Ngazi ya 6 ni stashahada, ambayo wengi huiita diploma. Ngazi ya 7 ni stashahada ya juu, ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ni uzamili na ya 10 ni uzamivu.

Kuingia ngazi ya 4 kwa kawaida hutaka ufaulu wa D au zaidi katika masomo manne yasiyo ya dini. Kozi za afya na za uhandisi huongeza masharti ya masomo ya sayansi, na mwombaji sharti ayasome masharti ya kozi yenyewe. Kwa kawaida, kutoka ngazi ya 4 hadi stashahada huchukua miaka mitatu.

Lililo kubwa ni kwamba njia hii haifungi mlango wa chuo kikuu. Mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0, na aliyefaulu masomo manne ya Kidato cha Nne, anaweza kuomba shahada katika fani inayolingana na ya kwake. Kwa hivyo kijana wa Daraja la Nne mwenye D nne anaweza kufika chuo kikuu bila ya kupita Kidato cha Sita. Atatumia mwaka mmoja zaidi kuliko mwenzake, lakini akiwa njiani atakuwa na fani mkononi. Hata akikwama kwa ada, anaweza kuajiriwa kwa astashahada au stashahada yake, akarudi masomoni baadaye.

Njia ya tatu: mafunzo ya amali

Huku Visiwani huitwa mafunzo ya amali, na Tanzania Bara huitwa mafunzo ya ufundi stadi. Tanzania Bara yanaendeshwa na kuratibiwa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kituo chake kinachojulikana zaidi Dar es Salaam ni cha Chang'ombe, kisicho mbali na Kariakoo. Zanzibar ipo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na vituo vyake ni pamoja na vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Kijana wa Pemba si lazima avuke bahari mbili kwenda kusomea umeme au uchomeaji wa vyuma. Aanze kuuliza Vitongoji.

Fani hizo ni kama umeme wa majumbani, magari, uashi, useremala, mabomba, ushoni na majokofu. Wapo wanaopokelewa wakiwa wamemaliza elimu ya msingi tu, kwa hivyo hata asiyefaulu Kidato cha Nne hajakosa pa kwenda. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu, ya I, ya II na ya III.

Hapa pana jambo linalowachanganya wazee waliosoma zamani. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, Daraja la III lilikuwa la chini na Daraja la I lilikuwa la juu. Katika mpango wa sasa, ngazi ya I ni ya mwanzo na ya III ndiyo ya juu. Mzee fundi mwenye cheti cha Daraja la I cha zamani akimwona mwanawe amerudi na cheti cha ngazi ya I, asidhani kwamba kijana amemfikia. Na kijana naye asikome hapo. Mwenye ngazi ya III huweza kukubaliwa kuendelea na masomo ya juu zaidi katika fani inayolingana, hata pale ambapo ufaulu wake wa Kidato cha Nne ni mdogo, kwa masharti ya chuo husika.

Aliyekwisha kuwa fundi bila ya karatasi

Kariakoo na Gerezani zimejaa watu waliojifunza kazi kwa mkono: mshona nguo, mtengeneza simu, fundi wa magari, mchomea mageti. Ujuzi wao unaonekana, lakini hauna ushahidi wa maandishi. Kwa ajili yao VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa kufanya kazi yake mbele ya watahini na kwa kuulizwa maswali. Palipo na upungufu hupewa mafunzo mafupi, na akifuzu hupewa cheti kinachotambuliwa.

Faida yake si ya heshima tu. Fundi umeme wa Tanzania Bara, kwa mfano, hutakiwa awe na leseni ya EWURA, ambayo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na madaraja ya leseni hiyo hutegemea mafunzo na uzoefu wa mwombaji. Asiyekuwa na cheti hubaki kuwa msaidizi wa mwenye cheti, hata kama yeye ndiye anayeijua kazi zaidi, na malipo yake hufuata hali hiyo. Wazee waliomshikiza kijana kwa fundi wasiishie hapo. Baada ya kuiva, apelekwe kupimwa.

Aliyekosa na anayetaka kurudi

Mwenye sifuri au mwenye masomo pungufu anaweza kurejea mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kwa masomo anayoyahitaji. Yule wa D mbili au tatu, kwa mfano, si lazima aanze upya, bali azidishe somo moja au mawili mpaka yatimie manne. Aliyemaliza elimu ya msingi bila ya kupita sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, kisha ndipo akafanya wa Kidato cha Nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoko katikati ya jiji la Dar es Salaam, huwasaidia watu wa aina hii, na saa za masomo huweza kwenda na saa za kazi. Wasichana waliokatisha masomo kwa sababu mbali mbali nao wamo.

Haifai kudhani kuwa elimu ya juu haina asili na mitaa hii ya biashara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wa sheria peke yao, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964.

Tahadhari kabla ya kulipa ada

Kwanza, chuo kisajiliwe, na kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Chuo chaweza kuwa na usajili na baadhi ya kozi zake zikawa hazijaidhinishwa. Bango zuri juu ya ghorofa si ushahidi. Uthibitisho hupatikana NACTVET kwa vyuo vya ufundi na fani, Tume ya Vyuo Vikuu kwa vyuo vikuu, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa vituo vya amali vya Zanzibar. Mwenye stashahada anayeomba chuo kikuu hutakiwa kuwa na namba ya uthibitisho inayotolewa na NACTVET. Chuo kisichotambuliwa hakiwezi kumpatia namba hiyo, na miaka mitatu ya ada hupotea siku hiyo.

Pili, majina yalingane. Kijana aliyeandikwa Khamis katika cheti cha kuzaliwa akiandikishwa Hamisi chuoni Dar es Salaam, au Khadija akawa Hadija, huonekana ni watu wawili mbele ya mwajiri. Herufi moja inaweza kumpeleka mtu kwa wakili kula kiapo baada ya miaka kumi. Marekebisho yafanywe siku ya kujiandikisha.

Tatu, mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, kila moja ina masharti yake. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Muungano imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani za kipaumbele. Wazee waulize kabla ya kuuza kiwanja au mikarafuu.

Mabadiliko yaliyopo

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeleta mkondo wa amali ndani ya elimu ya sekondari yenyewe, na tangu mwaka 2024 baadhi ya skuli za Tanzania Bara zimekwisha kuanza kuufundisha. Maana yake ni kwamba fani haisubiri tena mtu ashindwe masomo ya kawaida ndipo aiendee. Ile dhana ya kuwa chuo cha amali ni cha waliofeli haina tena nafasi, wala hapo zamani haikuwa na ukweli.

Wananchi wanakumbushwa kwamba matokeo yanapotoka, karatasi isomwe somo kwa somo, njia zote tatu zizingatiwe, na chuo kithibitishwe kabla ya fedha kutolewa. Wakuu wa skuli, masheha na maofisa wa elimu wa wilaya wanaombwa kuwasaidia wazee wasioweza kufanya hivyo peke yao. Kijana anayepelekwa Kariakoo kusubiri aende akiwa na tarehe ya mwisho wa kuomba chuo mfukoni, na jamaa anayempokea naye aambiwe tarehe hiyo.